Mbwa Ahamapo

Mtu ahamapo kwenda kukaa mahali pengine huijua sababu ya kuhama kwake. Baba amepewa kazi katika mji mwingine, au nyumba ya kupanga imeuzwa, au mama amekwenda kumtunza mzazi wake aliye mgonjwa. Hata mtoto mdogo huambiwa, "Jumamosi tutapanda lori, twende tukakae Tanga." Mbwa haambiwi neno. Yeye huona tu vitanda vinafunguliwa, vyombo vinafungwa, masanduku yanatolewa nje, na watu wanapita mbio mbio hali wamekunja nyuso. Kisha asubuhi moja huamka mahali ambapo hapana hata mti mmoja aujuao. Si ajabu akikataa chakula, wala si ajabu akilia usiku kucha, wala si ajabu akitoroka.

Wako watu wengi wahamishwao mara kwa mara kwa ajili ya kazi zao: walimu, waganga wa hospitali, polisi na wachungaji wa makanisa. Katika nyumba zao aghalabu yuko mbwa. Wengine humwacha huko huko, wakisema, "Atajitafutia mwenyewe." Neno hili si la haki. Mbwa aliyeachwa hujitafutia kweli, lakini hujitafutia majalalani na katika mabanda ya kuku ya watu, na mwisho wake ni kupigwa mawe, au kulishwa sumu, au kuambukizwa kichaa na mbwa wenziwe. Ikiwa haiwezekani kabisa kumchukua, basi na atafutiwe bwana mwingine kabla ya siku ya safari, mtu ajulikanaye kwa jina na kwa nyumba; naye bwana huyo aanze kumlisha kwa mkono wake mwenyewe majuma mawili au matatu kabla ya ninyi kuondoka. Lakini ikiwezekana kumchukua, yako mambo yawapasayo watu wa nyumba kuyajua, na hasa ninyi watoto, kwa kuwa mara nyingi ninyi ndio mnaoachiwa kazi ya kumtunza.

Kwanza tufahamu jinsi mbwa ajuavyo kwao. Sisi twajua kwetu kwa macho: twaona paa la nyumba, mwembe na kisima, tukasema, "Tumefika." Mbwa hujua kwao kwa pua. Ndani ya pua ya mtu mna seli za kunusia zipatazo milioni 5 au 6. Katika pua ya mbwa hupita milioni 100, na kwa mbwa wa jamii nyingine hupita milioni 200. Kwa hiyo ua wa nyumba yenu, ambao kwenu ni mchanga mtupu, kwake una habari tele. Hapa alipita paka jana usiku. Pale chini ya mti alilala mbuzi wa jirani. Hii ndiyo njia arudiayo baba. Tena yeye mwenyewe huongeza habari zake kwa kukojoa penye nguzo na vichaka, ili mbwa wengine wapitao wajue ya kuwa pana mwenyewe. Siku ya kuhama, habari zote hizo zapotea kwa mara moja. Vyabaki vitu viwili tu avijuavyo: harufu ya watu wake, na harufu ya vitu vyao.

Kitu cha tatu chaweza kubaki, mkitaka ninyi, nacho ni utaratibu wa siku. Mbwa hana saa, lakini hujua kitu kipi hufuata kipi. Bwana Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1904, alionyesha katika majaribio yake kwamba mbwa akizoea kupewa chakula baada ya alama fulani, mate humtoka asikiapo alama ile, hata kabla hajakiona chakula. Mbwa wenu naye hufanya vivyo hivyo. Mama agongapo sufuria, mbwa huinuka. Mtoto avaapo viatu vya shule, mbwa huenda mlangoni. Alama hizi zaweza kusafiri pamoja nanyi hata nyumba mpya, wala hazina uzito katika lori.

Labda mmekwisha kusikia habari ya mbwa wa Japani aliyeitwa Hachiko. Alizaliwa mwaka 1923 katika sehemu za Akita, akapelekwa mji wa Tokyo mwaka 1924 kwa bwana wake, Hidesaburo Ueno, aliyekuwa mwalimu wa mambo ya kilimo katika chuo kikuu. Mbwa alizoea kwenda kumpokea kwenye stesheni ya Shibuya. Mwezi wa Mei mwaka 1925 bwana yule alifariki ghafula akiwa kazini, asirudi tena. Mbwa akapewa watu wengine, akahamishwa kutoka nyumba moja hata nyingine, na mara kwa mara alitoroka akarudi alikotoka. Mwishowe alikaa kwa mtu aliyekuwa mtunza bustani wa Bwana Ueno, na kutoka huko akawa akienda stesheni siku kwa siku, hata alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Watu wa mji walimwekea sanamu mwaka 1934, naye akingali hai. Sanamu ile iliyeyushwa wakati wa vita, na nyingine ikawekwa mwaka 1948.

Watu wakisimulia habari hii husifu uaminifu wake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi naona na jambo jingine ndani yake. Mbwa yule alipotewa na bwana, na nyumba, na utaratibu wa siku, vyote pamoja, wala hapana mtu aliyeweza kumwambia. Kitu kimoja tu kilibaki mahali pake, nacho ni stesheni. Akashikamana nacho kwa muda wa karibu miaka kumi. Basi mwonapo mbwa wenu anakaa penye lango la nyumba mpya, anatazama njia mliyojia, msiseme ni mpumbavu.

Tena msidhani ya kuwa hawezi kurudi alikotoka kwa sababu ni mbali. Katika Marekani alikuwako mbwa jina lake Bobbie. Mwaka 1923 watu wake walisafiri naye kwa motokaa kutoka Silverton, katika jimbo la Oregon, hata Wolcott, katika jimbo la Indiana. Huko alifukuzwa na mbwa wengine, akapotea. Wakamtafuta, wakamkosa, wakarudi kwao kwa huzuni. Mwezi wa Februari mwaka 1924 Bobbie akatokea Silverton, amekonda, na nyayo zimelika. Mwendo aliokwenda hukadiriwa kuwa zaidi ya kilometa 4,000, tena wakati wa baridi kali. Wataalamu wa nchi ya Cheki waliwafungia mbwa wa kuwindia vyombo vya kuonyesha njia wazipitazo, na mwaka 2020 wakatangaza waliyoyaona: mara nyingi mbwa atakapo kurudi kwa njia mpya hukimbia kwanza mwendo mfupi, kama meta 20, kwa kufuata kaskazini na kusini, ndipo ashike njia yake. Wakadhani kuwa huhisi nguvu ya sumaku ya dunia. Lakini kwa mbwa mmoja arudiye salama kama Bobbie, wako wengi waliokanyagwa na motokaa katika barabara kuu, wala hawakuandikwa popote. Kwa sababu hiyo hatari kubwa ya kuhama haimo safarini. Imo katika majuma ya kwanza baada ya kufika.

Sasa tuseme nyumba yenu inahama kutoka Lushoto, katika milima ya Usambara, kwenda Tanga. Lushoto iko juu, yapata meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Tanga ni pwani, penye joto na unyevu. Barabara ya kushuka toka Lushoto hata Mombo yapata kilometa 33, nayo ina kona nyingi. Halafu njia hupita Korogwe na Segera na Muheza. Kwa mtu ni safari ya kawaida. Kwa mbwa ambaye hajapata kupanda motokaa ni jambo la kutisha, tena kona zile humtapisha.

Matengenezo yaanze mapema, kama majuma mawili kabla. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa muda wa chanjo yake ya kwanza umepita, nacho cheti chake kitunzwe pamoja na karatasi za nyumba. Ulizeni papo hapo kama yatakiwa ruhusa ya kumsafirisha. Kisha azoezwe ukanda wa shingoni na kamba, maana mbwa wengi wa kwetu hawajapata kufungwa kamba, na siku ya safari si siku ya kuanza fundisho. Mfungeni kamba nyepesi wakati wa kula, muda mfupi, ajue ya kuwa kamba huja pamoja na chakula. Akitaka kusafirishwa ndani ya sanduku la mbao au tenga kubwa, liwekeni uani wazi, mtieni chakula chake ndani, aingie na kutoka mwenyewe siku nyingi kabla mlango wake haujafungwa.

Gunia alaliliapo lisifuliwe. Najua ya kuwa mama atapenda kila kitu kiende Tanga hali ni safi, na kwa vitu vingine ana haki. Lakini gunia lile lina harufu ya nyumba ya zamani, nalo ndilo shamba na ua na mwembe wote wa mbwa utakaoweza kupakiwa. Likiwa na viroboto, mwombeni daktari dawa ya kumpaka mbwa, na gunia lipigwe-pigwe lianikwe juani.

Siku ya safari apewe chakula kidogo tu, saa kadha kabla ya kuondoka, na maji. Asifungwe kwa kamba ya shingoni juu ya lori lililo wazi, kwa maana akiruka atajinyonga. Na awe ndani ya sanduku lake kivulini, au miguuni pa mtu amjuaye. Mahali mpumzikapo ashushwe akojoe, lakini kamba ifungwe kabla ya mlango kufunguliwa, si baadaye. Wala asiachwe kamwe ndani ya motokaa iliyofungwa vioo. Siku ambayo nje pana joto la nyuzi 24 tu za sentigredi, ndani ya motokaa hiyo huweza kufika nyuzi 34 kwa dakika kumi, na baada ya nusu saa hupita nyuzi 40. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kutweta na kutoa ulimi. Pale ambapo hewa anayoivuta ni ya moto, kutweta hakumfai, naye hufa upesi.

Mkifika, jambo la kwanza watu watakalo ni kupakua mizigo, na mbwa huachiliwa "ajinyoshe". Hapo ndipo wengi hupotea. Na ashikwe na mtu mmoja, asiye na kazi nyingine, azungushwe ua wote kwa kamba iliyolegea, anuse kila nguzo kwa kadiri apendavyo, hata ikichukua nusu saa. Kisha aonyeshwe mahali pake, pembe moja iliyo tulivu, mbali na njia ya watu. Hapo liwekwe gunia lake, na bakuli lake la zamani, na maji mengi. Tazameni ua vema, maana mbwa mwenye hofu hupita katika tundu ambalo jana mngesema halitoshi hata paka.

Hofu ya mbwa ina dalili zake, nazo si zote zijulikanazo. Kila mtu ajua ya kuwa kufyata mkia ni hofu. Lakini kupiga miayo hali hana usingizi, kujiramba pua mara kwa mara, kugeuza uso pembeni, kutetemeka, kutweta bila joto, na kukataa chakula siku moja au mbili, hizi nazo ni dalili zile zile. Mbwa aliyejificha chini ya kitanda asivutwe kwa nguvu. Kaeni karibu naye, msimkazie macho. Someni kitabu chenu, semeni naye kwa sauti ndogo, wekeni kipande cha ugali mahali akifikiapo. Akitoka mwenyewe ameshinda. Akivutwa na kuuma mtu, wote mmeshindwa. Kumpiga kwa sababu amekojoa ndani ya nyumba hakufai kitu, kwa kuwa hajui bado wapi ni ndani na wapi ni nje katika nyumba hiyo. Mtoeni nje asubuhi mapema, na baada ya kula, na kabla ya kulala, kisha msifuni akojoapo mahali panapofaa.

Chakula kisibadilishwe upesi. Huko milimani labda alikula ugali na maziwa yaliyoganda. Hapa pwani dagaa na vichwa vya samaki ni rahisi kupatikana. Tumbo lake likipewa kitu kipya ghafula litaharisha. Anzeni kwa kuchanganya robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani, mkaongeze kidogo kidogo kwa muda wa juma zima. Saa ya kula iwe ile ile ya Lushoto, na mwenye kumlisha awe yule yule.

Usiku wa kwanza atalia. Wengine hutoka wakamtupia kiatu. Afadhali alale usiku huo mahali awezapo kusikia pumzi za watu, barazani karibu na dirisha au ndani ya jiko, kisha asogezwe kidogo kidogo hata banda lake. Na mchana msimwache peke yake kutwa nzima kuanzia siku ya kwanza. Tokeni dakika tano, mrudi. Kesho dakika kumi na tano, mrudi. Hivyo atajifunza neno ambalo hamwezi kumwambia kwa kinywa, yaani kwamba mtokao ndio mrudio.

Majirani nao ni sehemu ya nyumba mpya. Katika Tanga wengi wao watakuwa Waislamu, na katika sheria yao mate ya mbwa ni najisi: chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na nguo iliyoguswa na mate haifai kuswalia mpaka itoharishwe. Basi si adabu kumwacha mbwa azurure barazani pa watu au karibu na mikeka yao, na mtoto mwenye malezi mema humwita mbwa wake na kufupisha kamba aonapo mzee anapita kwenda msikitini. Jirani aliyetendewa hivyo mwezi mmoja hawezi kumchukia mbwa wenu. Ama mbwa wa majirani, wasikutanishwe langoni, maana kila mmoja atalinda. Na wakutanishwe njiani, mahali pasipo pa mtu, wakitembezwa upande mmoja kwa umbali, wakikaribishwa kidogo kidogo.

Mtoto wa mbwa huzoea upesi kuliko mbwa mzima. Bwana John Paul Scott na Bwana John Fuller wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walieleza kwamba kati ya juma la tatu na juma la kumi na mbili la maisha yake mbwa huwa tayari kuzoea watu na vitu vigeni, na baada ya hapo hofu huzidi. Lakini msimtoe kwa mamaye kabla ya majuma manane. Akitolewa mapema mno hukosa kujifunza kwa nduguze jinsi ya kuuma kwa mchezo bila kuumiza.

Yako mambo ambayo mtu asidhani ni upweke wa kuhama. Mbwa mpweke hukataa chakula, lakini humeza maji. Hujificha, lakini humjua bwana wake. Mkimwona mbwa hawezi kumeza, udenda wamtoka, sauti yake imebadilika, anayumba akienda, au anauma mti na mawe na watu bila kuchokozwa, msimkaribie wala msimfungie kamba. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Mwambieni mtu mzima upesi, naye amwite daktari wa mifugo. Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja kwanza mtoto wa miaka tisa aliyeumwa, mwezi wa Julai mwaka 1885, akapona. Lakini dalili zikishatokea kwa mtu, dawa ya kumponya karibu hakuna. Kwa hiyo anayeficha kwamba ameumwa, kwa kuogopa kugombezwa, anacheza na uhai wake.

Wafugaji wa mbwa wana hesabu yao: siku tatu za hofu, majuma matatu ya kujifunza nyumba, miezi mitatu ya kuwa mwenyeji. Hesabu hii si sheria. Mbwa wengine hukaa kitako siku ya pili, na wengine, hasa wale waliopata kupigwa zamani, hutaka nusu mwaka. Dalili za kuzoea ni rahisi kuziona. Hulala ubavu, miguu ameinyosha, badala ya kujikunja karibu na mlango. Huchagua mahali pake pa jua la asubuhi. Hubweka mgeni abishapo hodi, kumbe majuma yaliyopita alijificha. Ndipo mnaweza kumfungulia kamba katika ua, kwanza jioni kabla ya kula, wakati njaa ingali inamfunga karibu nanyi kuliko kamba yoyote. Mmwite kwa jina, na ajapo apewe chakula chake papo hapo. Fanyeni hivyo jioni nyingi, na lango likiwa limefungwa. Nje ya lango kamba iendelee mpaka aitwapo awe anakuja kila mara, hata kama paka anakatiza njia.